Mzazi Asiye na Shahidi

Swali la kwanza aliloulizwa halikuhusu uchungu.

Hakuulizwa umemshika tangu saa ngapi, wala kama chupa imepasuka, wala kama hii ni mimba ya kwanza. Aliulizwa mume yuko wapi. Kisha akaulizwa cheti cha ndoa.

Tulikuwa kwenye mapokezi ya hospitali ya umma katika mji mmoja wa Ghuba. Mji sitautaja, kwa sababu msichana huyu niliyemsindikiza, mfanyakazi wa ndani kutoka Kwale, bado anaishi na kufanya kazi humo. Alikuwa ameegemea kaunta kwa viwiko vyote viwili, kichwa chini, anahema. Mumewe yuko Kwale. Msichana alikwenda likizo nyumbani, akarudi kazini na mimba ambayo mwenyewe alikuwa hajaijua. Ndoa yao ilifungwa msikitini, cheti kikatolewa kwa kadhi, na cheti hicho kilikuwa Msambweni, ndani ya sanduku la mama mkwe. Bila hicho, mimba huko inaweza kuhesabiwa kosa la kupelekwa polisi.

Nikaanza kupiga simu. Mama mkwe hana simu ya kupigia picha. Jirani hayupo. Shemeji ni mtu wa bodaboda, alikuwa na abiria njiani, akamwomba radhi, akageuza. Muda wote huo uchungu unakuja na kuondoka, na karani nyuma ya kioo anahudumia wengine kwa upole kabisa, na huyu wetu ni kama bado hajafika.

Picha ikaja imepinda, lakini muhuri unasomeka. Mlango ukafunguliwa, akaingia. Nilipomfuata, mkono ukanizuia.

"Wewe, nje."

## "Walinihudumia vizuri"

Nilimwona kesho yake, saa za kutazama wagonjwa. Mtoto wa kiume, mzima, kafungwa kwenye blanketi la hospitali. Nikamwambia alhamdulillah kwa salama, nikamuuliza ilikuwaje. Akasema walimhudumia vizuri.

Kisha, huku akinyonyesha, habari ikaanza kutoka vipande vipande. Alilazwa chali, miguu ikapandishwa na kufungwa. Alitaka kupiga magoti, kwa kuwa mama yake alizaa hivyo watoto wote, akaambiwa hapana kwa ishara ya kidole. Alitundikiwa dripu, na mara uchungu ukawa mkali usiopumzika, naye hakuambiwa kilichotiwa humo. Aliomba maji, hakupewa. Alipolia, mtu alimwekea kiganja mdomoni. Alikatwa njia ya uzazi bila kuambiwa, akashonwa huku anahisi kila sindano. Mtoto akachukuliwa, akarudishwa baada ya saa kadhaa, na hizo saa hakuna aliyemweleza yuko wapi.

"Lakini walinihudumia vizuri, dada," akarudia. "Mtoto mzima. Na polisi hawakuitwa."

Hapo ndipo nilipokwama, na nimekwama kwa wiki nyingi. Nani mwenye haki ya kusema kilichompata msichana huyu: yeye anayesema alihudumiwa vizuri, au mimi niliyekuwa nje ya mlango?

Nilijaribu kulinyamazia. Nilijiambia kwamba mwenye mwili amesema, na mwenye mwili ndiye anayejua. Nilijiambia pia kwamba watu wa kwetu wana tabia ya kuwasema Waarabu vibaya kwa jambo lolote, na sikutaka kuongeza kuni. Tena kwetu kwenyewe tunayajua. Mwaka 2013 mama mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya Bungoma, akapigwa makofi na wauguzi, tukio likarekodiwa kwa simu na mgonjwa mwingine; mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Kwa hiyo sisemi kwamba ukatili wa leba una kabila.

Lakini kila mahali una sura yake, na sura yake katika nchi za Kiarabu ndiyo niliyoiona.

## Swali lililokuja baadaye

Siku moja, mtoto ameshapita arobaini, msichana alinipigia simu. Tukaongea habari za nyumbani, bei ya tiketi, mtoto anavyolala. Alipokuwa karibu kukata, akauliza kwa sauti ya chini:

"Dada, ile ya kukatwa. Huwa wanakata kila mtu?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nikae kuandika. Kumbe shukrani yake na jeraha lake vilikuwa vinaishi pamoja, kimoja hakikumfukuza mwenzake. Alishukuru kweli. Na kweli alikuwa akibeba swali ambalo hakuwa na wa kumuuliza.

Nilimjibu nilichokijua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu huduma ya uzazi, wenye mapendekezo 56, hauungi mkono kumkata njia kila mzazi kama desturi ya wodi. Unasema mwanamke aliye salama aruhusiwe kunywa na kula. Unasema achague mkao wake. Unasema awe na mtu wake wa kumsindikiza, aliyemchagua mwenyewe. Miaka minne kabla ya hapo, shirika hilo hilo lilikuwa limeshatoa tamko kwamba matusi, vipigo na dharau wakati wa kujifungua ni ukiukaji wa haki za binadamu.

Akanyamaza kidogo. "Basi kwa nini?"

## Wanawake wasiolalamika

Mwaka 2000 watafiti wa Lebanon walichapisha mahojiano yao na wanawake wa nchi hiyo waliojifungua hospitalini. Katika kichwa cha makala yao waliuliza swali lililo karibu sana na langu: je, huku ni kuridhika, au ni kujiachia tu mikononi mwa daktari? Wengi wa wanawake hao walikuwa wakisema wameridhika. Ukiwasikiliza zaidi, unakuta hawakuelezwa mambo, hawakuuliza, na waliona kuuliza si nafasi yao.

Mwaka 2005 ukatoka utafiti wa El Galaa, hospitali kubwa ya wazazi mjini Cairo, inayofundisha madaktari. Waangalizi walikaa wodini wakaandika kinachofanyika kwa wazazi wasio na tatizo lolote. Taratibu nyingi zilizokuwa zikifanywa kila siku hazikuendana na ushahidi wa kitabibu: dripu za kuharakisha uchungu, kulazwa chali, kutopewa maelezo, kukosa mtu wa kukaa naye. Madaktari waliofundishwa hapo hutawanyika Misri nzima, na mwanafunzi hushika alichokiona mkono wa mwalimu wake ukifanya.

Ninapolitaja jambo hili kwa rafiki zangu Wamisri, nao wananitajia kisu. Takwimu za taifa lao zinawaunga mkono. Mwaka 2014, asilimia 52 ya uzazi nchini Misri ulikuwa wa upasuaji. Mwaka 2021 ikawa asilimia 72. Tangu mwaka 1985 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wamekuwa wakisema hakuna sababu ya kitabibu ya eneo lolote kuvuka asilimia 10 hadi 15. Upasuaji umeokoa wanawake wengi, Mungu awalipe kheri wanaoufanya inapohitajika. Lakini wanawake saba katika kila kumi hawawezi wote kuwa na nyonga nyembamba. Kuna tarehe zinazopangwa kwa nafasi ya daktari, kuna fedha za kliniki binafsi, na kuna wanawake wanaokimbilia kisu kwa hiari kwa sababu wamesikia kinachotokea leba.

Hilo la mwisho linanikera kuliko yote. Mwanamke anachagua kupasuliwa tumbo ili asiwe peke yake, amefungwa miguu, anafokewa.

## Vifo vimepungua, na hilo ni la kweli

Nisiwe mwizi wa fadhila. Nchi hizi zimefanya kazi kubwa. Misri ilikuwa na vifo 174 vya wazazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kufikia mwaka 2000 vilikuwa vimeshuka hadi 84. Morocco ilikuwa na zaidi ya 300 wakati huo huo, na mwaka 2018 ilihesabu 72.6. Nyanya zao walizaa nyumbani wakafa kwa kutokwa damu. Anayemwambia mwanamke wa Kiarabu aogope hospitali anamtakia kifo.

Ndiyo maana jibu la kawaida la wakubwa wa hospitali ni gumu kulijibu: mama yuko hai, mtoto yuko hai, mnataka nini tena?

Kisha Septemba 2025, mjini Agadir nchini Morocco, watu wakasimama mbele ya hospitali ya Hassan II baada ya habari kwamba wanawake wanane walikufa humo kwa kufuatana, baada ya kujifungua kwa upasuaji. Kutoka hapo hasira ikaenea. Tarehe 27 mwezi huo vijana waliojiita GenZ 212 waliingia barabarani miji mbalimbali, wakipiga kelele kwamba viwanja vya mpira vipo, hospitali ziko wapi. Nchi ilikuwa ikijenga kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika na Kombe la Dunia la 2030. Baadhi ya vijana waliuawa katika siku zilizofuata.

Nilizifuatilia habari hizo usiku kucha. Nilichokigundua ni kwamba Agadir haikuanza na wale wanawake wanane. Huwezi kuwa na wodi ambamo mzazi analia haangaliwi, halafu ukategemea kwamba siku ya damu nyingi ataangaliwa haraka. Sikio lililozoea kupuuza kilio halijui kutofautisha kilio na kilio. Kwangu, hilo ndilo jibu la wale wanaosema heshima ni anasa na uhai ndio muhimu.

## Asiye na cheti

Picha ya cheti ilipochelewa, nilimfikiria yule ambaye hata ukipiga simu usiku kucha, hakuna sanduku la kufunguliwa.

Nchini Morocco, kifungu cha 490 cha kanuni ya adhabu kinamfunga mwezi mmoja hadi mwaka mmoja anayelala na mtu nje ya ndoa. Mwanamke asiye na mume anayefika leba amebeba ushahidi wa kosa lake tumboni. Nchini Tunisia, watafiti waliozungumza na akina mama wa namna hiyo walichapisha masimulizi yao mwaka 2017: kusubirishwa makusudi, kutukanwa, kuachwa na maumivu ili yawe funzo. Mmoja wao aliuliza kama daktari ni Mungu hata amwadhibu.

Nimelirudia swali lake mara nyingi.

Kwenye Ghuba, swali la cheti linawaangukia wanawake wa kwetu. Falme za Kiarabu zililegeza sheria yao: tangu Januari 2022 kulala na mtu nje ya ndoa hakufikishwi mahakamani ila mume, mke au mlezi alalamike. Kwingineko kwingi bado. Saudi Arabia wako Wakenya waliokimbia kwa waajiri, wanaoitwa kemboi, wanaoishi kwa vibarua bila karatasi. Baadhi yao wamezaa vyumbani, wakisaidiwa na wenzao, kwa kuogopa kwamba mlango wa hospitali ni mlango wa polisi. Watoto wao hawana cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hawapandi ndege kurudi nyumbani. Mwishoni mwa 2023 serikali ya Kenya ilipeleka watu wake Riyadh kuchukua vipimo vya vinasaba vya watoto hao na mama zao, na waliojitokeza walikuwa mamia.

Jambo linalonishangaza ni kwamba nchi hizi zote, na sisi watu wa pwani, tumelelewa juu ya kisa kimoja. Bibi Maryam, uchungu ulipomshika, alikuwa peke yake chini ya shina la mtende. Hakuwa na mume. Alijua watu wake watamwambia nini. Akatamani lau angekufa kabla ya siku hiyo, asahaulike kabisa. Qurani inasema alichopewa saa hiyo: sauti iliyomwambia asihuzunike, kijito cha maji chini yake, tende mbivu, na amri ya kula, kunywa na kutuliza jicho. Hakuulizwa kitu. Waliomuuliza walikuja baadaye, na hao walikuwa watu.

Maji, chakula, neno la kutuliza. Aya hizo husomwa redioni katika miji ambamo mzazi anaomba maji na hapewi.

## Mwenye kiganja

Nimemfikiria pia yule aliyemwekea msichana kiganja mdomoni. Sikumwona, lakini nawajua wenzake. Wauguzi wengi wa hospitali za Ghuba ni wageni kama sisi, kutoka Kerala, kutoka Ufilipino, mara nyingine kutoka Misri. Wako kwa mkataba. Mmoja wao, ambaye nasali naye Ijumaa, aliniambia kwamba usiku mmoja anaweza kuachiwa vitanda vingi kuliko anavyoweza kuvizunguka, na daktari akija anataka kukuta kila mzazi amelala tayari kwa ajili yake. Mzazi akipiga magoti, anayelaumiwa ni muuguzi.

Halafu kuna lugha. Daktari anaongea Kiarabu cha Cairo, muuguzi Kimalayalam na Kiingereza cha kazini, mzazi Kidigo na Kiswahili na maneno ya jikoni ya Kiarabu: leta, osha, haraka. Hayo ndiyo aliyofundishwa na nyumba anayofanyia kazi. Hakuna aliyemfundisha kusema "naogopa" au "usinikate kwanza, nieleze".

Simtetei mwenye kiganja. Kiganja kile kilikuwa dhuluma. Ila nimeacha kuamini kwamba ukimwondoa yeye ukaweka muuguzi mwingine usiku ule, mambo yangekuwa tofauti sana.

## Mtu mmoja tu

Ambacho kingekuwa tofauti ni mtu.

Kwetu mzazi haachwi. Hata nyumba ifukuze wanaume wote, humo ndani atakuwepo mama, shangazi, somo, jirani aliyezaa mara nyingi; mmoja anakanda mgongo, mwingine anashika mkono, mwingine anasoma dua. Wamisri nao wanayo hiyo, Wasyria wanayo, Waomani wanayo. Hospitali ilipochukua uzazi kutoka nyumbani ilichukua na sababu nzuri, lakini ikawaacha wanawake hawa wote kwenye kiti cha nje.

Kuna uchunguzi uliojumlisha majaribio 26 katika nchi 17, wenye wanawake zaidi ya 15,000. Wale waliokuwa na mtu wa kukaa nao mfululizo walizaa kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu wao ulikuwa mfupi zaidi, na upasuaji ulikuwa mchache. Ni vigumu kupata dawa isiyo na gharama inayofanya hayo yote. Nchini Misri, Lebanon na Syria, watafiti wa huko huko walilijaribu jambo hilo katika hospitali za umma, kwa kumruhusu mwanamke mmoja wa familia aingie. Pingamizi walilokutana nalo nalijua, maana niliambiwa hilo hilo mlangoni: wodi ni ya wengi, vitanda vimekaribiana, stara ya wengine itakuwaje. Ni hoja ya kweli. Na jibu lake ni pazia, na sharti la kwamba msindikizaji awe mwanamke.

Msindikizaji anafanya kazi nyingine ambayo haimo kwenye majaribio. Anaona. Mkono unaotaka kuziba mdomo unaona kwamba umeonwa. Kisu kinachotaka kukata kimya kinalazimika kusema kwanza. Na mwezi wa pili baada ya kuzaa, mzazi akiuliza "kwa nini", kuna mtu wa kumjibu, au angalau wa kumwambia: ndiyo, ilitokea, nilikuwepo, hukuota.

Msichana wangu hana mtu huyo. Kwa hiyo amebaki na "walinihudumia vizuri" na swali lake, na hakuna wa kumsaidia kuvipanga.

Sikutaka kuingiza vita katika andiko hili, lakini neno msindikizaji lilinirudisha huko. Mwishoni mwa Oktoba 2025, mji wa El Fasher nchini Sudan ulipoanguka, Shirika la Afya Duniani liliripoti kwamba watu zaidi ya 460 waliuawa katika hospitali ya wazazi iitwayo ya Saudia: wagonjwa, na waliowasindikiza. Walikuwa wamebaki na watu wao.

## Ninachokiomba

Wanaopeleka wasichana Ghuba wanawafundisha mashine ya kufulia, jiko la umeme, namna ya kutandika kitanda cha bosi. Naomba wawape pia nusu siku ya jambo hili. Uliyeolewa, piga picha cheti chako pande zote mbili ukiwa bado nyumbani, kihifadhi kwenye simu na umtumie mtu unayemwamini. Jifunze kusema kwa Kiarabu kwamba una kiu, kwamba unaogopa, kwamba unataka kuelezwa kabla ya kuguswa. Na usiye na cheti uambiwe ukweli wa sheria ya nchi unayokwenda kabla ya kupanda ndege, si baada.

Balozi zetu nimeziandikia. Nimeomba kila ubalozi uwe na orodha ya wanawake wanaoongea Kiswahili na Kiarabu, wanaotambuliwa na hospitali za mji huo, ambao muuguzi anaweza kuwapigia usiku na wakaruhusiwa kupita mlango wa leba. Nimeweka jina langu na namba yangu katika barua hiyo. Sijajibiwa, nitaandika tena.

Wakati tunasubiri, orodha tunaweza kuianza wenyewe. Kama uko Muscat, Jeddah, Riyadh, Doha, Kuwait au Beirut, unaongea lugha hizo mbili, na uko tayari kuamshwa saa nane za usiku kwa ajili ya mtu usiyemjua, niandikie. Sema uko mtaa gani na kama una usafiri.